Kabla Hujasajili Kozi: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Usalama wa Mtandao

Wanafunzi wapya wa usalama wa mtandao wana swali lao wanalolipenda: tunaanza lini kudukua? Mwenye kuuliza ameshatazama filamu, ameona video za vijana waliokaa mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, amechaguliwa chuo, na sasa ameshika ratiba ya semista ya kwanza. Ratiba inasema hisabati, utangulizi wa programu, misingi ya kompyuta, stadi za mawasiliano, masomo ya maendeleo. Udukuzi haumo. Basi anaanza kusoma kwa kulegalega, akisubiri mwaka wa tatu ambako anaamini ndiko ziliko "kozi zenyewe". Shahada huharibikia hapo, na mwenyewe huja kugundua miaka miwili baadaye.

Nitasema zaidi habari za Tanzania. Msomaji wa Kenya atapitia KUCCPS badala ya madirisha ya udahili yanayosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), atakopa HELB badala ya Bodi ya Mikopo, na kozi ataziita yuniti. Hesabu za krediti na GPA, na sheria nitakazozitaja, ni za Tanzania; mengine yanamhusu vilevile.

Tuanze kabla ya chuo. Shahada zenye jina la usalama wa mtandao bado ni changa kwetu. Kwa miaka mingi mtu alisoma sayansi ya kompyuta au TEHAMA, kisha akaingia kwenye usalama akiwa kazini. Siku hizi Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada inayounganisha usalama wa mtandao na uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kina yake, na vyuo vingine vinafuata. Majina yanafanana lakini yaliyomo hayafanani. Programu iliyozaliwa ndani ya kitivo cha kompyuta au uhandisi itakupa uandishi mwingi wa programu, mifumo endeshi, mitandao na hisabati. Iliyozaliwa katika chuo cha biashara itaelekea zaidi kwenye ukaguzi wa mifumo, sera, usimamizi wa vihatarishi na utii wa sheria. Zote zina kazi mtaani. Benki inahitaji mkaguzi wa mifumo kama inavyohitaji mtu wa kukaa na kompyuta usiku kutazama mashambulizi. Ila usiingie kwenye moja ukidhani ni nyingine.

Ukichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu unayotumiwa. Watu wengi huthibitisha kwa kuangalia mji. Mimi ningekuomba utafute kwanza mwongozo wa masomo wa kila chuo, ule unaoonyesha kozi za kila semista, uhesabu kozi za programu, mitandao, mifumo endeshi na hisabati katika miaka miwili ya mwanzo. Zikiwa chache sana, huku kozi za mwaka wa mwisho zina majina makubwa ya kuvutia, jiulize hayo majina makubwa yatasimama juu ya nini.

Mwongozo huohuo ndio utakaokufaa kupanga kozi, na namna bora ya kuusoma ni kuanzia nyuma. Chukua karatasi, andika juu kabisa kozi za mwaka wa mwisho unazozitamani: upimaji wa kupenya mifumo, uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, kriptografia, usalama wa programu. Kisha shuka chini ukiuliza kila moja inadai nini, ukichora mshale kwenda kwenye kozi inayodaiwa. Vyuo vingine huandika kozi tangulizi waziwazi. Vingine havikuzuii kusajili hata kama hukuipita kozi ya awali, na hapo ndipo mtu anapoumia, maana mfumo umemruhusu na kichwa kimemkatalia.

Chukua kriptografia. RSA, njia ya kusimba ujumbe iliyotangazwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, inategemea jambo moja: kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni rahisi, lakini kuyarudisha matokeo kwenye namba zilizozaa ni kazi ngumu mno. Kuielewa unahitaji hesabu za baki, zile za kugawanya na kuangalia kinachosalia, ambazo hufundishwa katika hisabati za mwaka wa kwanza. Aliyetoka PCM au EGM alishakutana na seti na mantiki kidato cha tano, kwa hiyo ana mwanzo mzuri. Aliyetoka PCB na hisabati ile ya ziada atajikuta nyuma kwa wiki kadhaa za mwanzo. Hesabu za baki ni ngeni karibu kwa wote. Ukilijua hilo mapema, likizo ya kusubiri chuo inaweza kuziba pengo lote.

Uchunguzi wa ushahidi nao unasimama juu ya mifumo endeshi. Unapofuta faili kwenye diski ya kawaida, mara nyingi kinachoondoka ni kumbukumbu ya mahali faili lilipo. Maudhui yenyewe hubaki mpaka kiandikwe kitu kingine juu yake. Mchunguzi anaishi kwa ukweli huo. Mwanafunzi aliyepita kozi ya mifumo endeshi kwa kukariri desa za kaka na dada wa mwaka wa juu atafika maabara ya uchunguzi, abonyeze vitufe vya programu ya kurudisha mafaili, apate majibu, na asiweze kueleza yametoka wapi. Mahakamani wakili atamuuliza swali moja tu, naye atakwama.

Mitandao sina haja ya kuitetea sana, lakini nikumbushe jambo la jirani. Julai 2023 mfumo wa eCitizen wa serikali ya Kenya ulishambuliwa, na huduma nyingi za mtandaoni zikasuasua. Waziri aliyehusika wakati huo, Eliud Owalo, alieleza kwamba washambuliaji walijaribu kuulemaza mfumo kwa kuurushia maombi mengi kuliko kawaida. Wengi waliposikia "umedukuliwa" walidhani data zimeibwa. Aliyesoma vizuri jinsi kompyuta mbili zinavyoanzisha mazungumzo, na jinsi seva inavyotenga nafasi kwa kila mgeni anayebisha hodi, alielewa mara moja tofauti ya kuziba mlango na kuvunja mlango. Hiyo ni elimu ya mwaka wa pili, semista ya kwanza. Hakuna kozi ya juu itakayorudi kukufundisha.

Ukimaliza mchoro wako utaona mishale mingi inaangukia mahali palepale: programu, hasa lugha ya C pamoja na Python; mitandao; mifumo endeshi pamoja na Linux; hesabu za baki na mantiki; na kanzidata kwa sababu ya mashambulizi yanayopenyezwa kwenye maswali ya kanzidata. Hizo ndizo kozi za kuzipa usingizi wako. Kama semista ina kozi mbili kati ya hizo, usiongeze mzigo mwingine wa hiari, usigombee uongozi wa serikali ya wanafunzi muhula huo, na biashara ya kuuza vocha isubiri.

Sasa hesabu za krediti, ambazo wanafunzi huzisikia siku ya kukaribishwa na kuzisahau siku hiyohiyo. Kwa utaratibu wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, yaani darasani, maabara, majaribio na kusoma mwenyewe vyote pamoja. Mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, hivyo shahada ya miaka mitatu haipungui 360 na ya miaka minne 480. Semista ya krediti 60 ni saa 600. Zigawe kwa wiki 17 zikiwemo za mitihani, unapata saa 35 hivi kila wiki. Hiyo ni ajira. Ukiwa na kozi uliyoikeri, yaani uliyoibeba baada ya kufeli, kutoka mwaka uliopita yenye krediti 10, umeongeza saa 100, na wiki yako inavuka saa 40 kabla hujafua wala kupika.

Krediti pia ndizo zinazopima uzito wa alama zako kwenye GPA. Kwa mfumo uliozoeleka, A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Tuseme una kozi mbili tu, moja ya krediti 12 na nyingine ya krediti 6. Ukipata C kwenye ile kubwa na A kwenye ndogo, wastani wako ni 3.0. Geuza, A kwenye kubwa na C kwenye ndogo, wastani ni 4.0. Matokeo mawili yaleyale, lakini mpangilio wa kwanza umekuweka daraja la pili la chini na wa pili umekuweka daraja la pili la juu, linaloanzia 3.5. Nimewaona vijana wanaosherehekea A ya stadi za mawasiliano huku kozi kubwa ya programu inawavuja. Heshimu kila kozi, ila jua ipi inabeba nyumba.

Kozi za hiari ndipo penye uhuru wako mdogo, maana programu zetu nyingi zimeshapangwa na chuo kwa sehemu kubwa. Uhuru huo mdogo watu huuchezea. Swali linalozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ni "ipi ina A za bure?" Mimi ningechukua uhasibu au ukaguzi, kisha sheria. Sababu ipo. Februari 2016 wezi walituma maagizo ya uongo ya kuhamisha karibu dola bilioni moja kutoka akaunti ya Benki Kuu ya Bangladesh iliyoko New York. Waliondoka na dola milioni 81. Ufundi wa kompyuta ulikuwepo, lakini akili kubwa ilikuwa kwenye kuijua benki: maagizo yalitumwa usiku wa Alhamisi wakati Dhaka wanaingia mapumziko yao ya Ijumaa na Jumamosi, na printa ya kutolea taarifa za miamala ilikuwa imelemazwa. Malipo mengine yaliyoelekezwa Sri Lanka yalikwama baada ya jina la mpokeaji kukosewa herufi na mtu akatia shaka. Mlinzi asiyejua benki inavyofunga hesabu zake za siku hawezi kuona wizi wa namna hiyo.

Na hapa kwetu, nani asiyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Hakuna kirusi ndani yake. Ni ujuzi wa kumsoma binadamu. Chuo chako kikiwa na kozi ya hiari ya saikolojia, hiyo nayo si ya kuidharau.

Sheria naipa aya yake kwa sababu inakuhusu hata kabla hujaisoma darasani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kwa faini isiyopungua shilingi milioni tatu, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Haijali kama ulikuwa unajaribu tu. Kila mwaka kuna kijana anayetamani kuupima mfumo wa matokeo wa chuo chake ili awaonyeshe walimu una udhaifu. Usifanye. Ukiona tatizo, ripoti, usiingie kulithibitisha. Kuna mahali pa kufanyia mazoezi palipotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Bandit ya OverTheWire kwa kujifunza Linux, picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, TryHackMe na Hack The Box. Upande wa pili wa sheria ni ushahidi: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, inaeleza ushahidi wa kielektroniki unavyopokelewa mahakamani, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kuwapa kazi watu wenye taaluma hii katika kampuni na ofisi za umma.

Kompyuta nayo ni sehemu ya kupanga kozi, ingawa hakuna mwongozo wa chuo unaosema hivyo. Kozi za usalama hufanyiwa mazoezi kwenye mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta: moja inashambulia, nyingine inashambuliwa, zote ndani ya laptopu yako. Yenye RAM ya GB 4 itakufia mikononi. GB 8 ndiyo ya kuanzia, 16 ndiyo ya kustarehe, na diski iwe SSD. Kama pesa ni chache, laptopu iliyotumika yenye nafasi ya kuongeza RAM ni bora kuliko mpya nyembamba inayong'aa isiyofunguka. Kabla hujalipa fundi wa Kariakoo, mwambie akuwashie mpangilio wa uigaji wa mashine pepe uuone kwa macho. Kisha usingoje mwaka wa tatu. Weka VirtualBox na Linux mwezi wa kwanza, uharibu, uweke tena.

Usajili wenyewe sasa. Mwanzoni mwa kila semista unapata namba ya kumbukumbu ya malipo, unalipa, mfumo unakutambua, halafu unasajili kozi. Hatua hizi tatu zinategemeana, na muda wake ni wiki chache tu. Anayesubiri bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo, liingie ndipo alipe michango yake huwa anakuta dirisha limebaki siku mbili na mfumo umezidiwa. Mwenye mkopo asidhani Bodi inasajili kwa niaba yake: ada inaweza kulipwa na Bodi, lakini kozi unasajili wewe, na fedha za kujikimu unazisainia wewe.

Mambo matatu ya kuangalia kwenye skrini kabla ya kuondoka. Msimbo wa kozi, siyo jina tu, kwa sababu kitivo kingine kinaweza kuwa na kozi yenye jina lilelile na msimbo tofauti. Jumla ya krediti, uilinganishe na inayotakiwa. Na kozi ulizokeri, ambazo mifumo mingi haiziingizi yenyewe. Ukishamaliza, chapa fomu au hifadhi nakala yake kwenye simu na kwenye baruapepe. Kozi uliyohudhuria bila kuisajili inaweza kukunyima matokeo hata kama ulifanya UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista, na utetezi wako utakuwa karatasi hiyo, siyo mashahidi.

Ratiba ikigongana, kwa mfano kozi uliyoikeri ya mwaka wa kwanza na maabara ya mwaka wa pili, nenda mapema kwa mshauri wako wa masomo. Nenda na karatasi: mwongozo, matokeo, ratiba zote mbili, na pendekezo lako mwenyewe. Mwalimu mwenye wanafunzi mia mbili hawezi kuanza kukutafutia njia, lakini akikuta umekuja na njia mbili za kuchagua atakusaidia kwa dakika tano. Usiende ofisini kwake wiki ya mitihani.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, huja likizo ndefu, na kwa watu wa usalama ina ugumu wake: kitengo cha usalama cha benki au kampuni ya simu hakipendi mgeni wa wiki nane kuona mambo yao. Omba idara ya TEHAMA kwa ujumla, iwe benki, wizara, halmashauri au hospitali, ukishaingia uonyeshe unachokiweza, utasogezwa. Barua zianze kuondoka mapema mwanzoni mwa mwaka. Zinazotumwa mwezi mmoja kabla huishia droo la mapokezi. Mwaka unaosoma mitandao ndio mzuri wa kuomba fildi ya mitandao, kwa hiyo uangalie mchoro wako ule kabla ya kuandika barua.

Vyeti vya kimataifa? Polepole. Mafunzo ya Cisco Networking Academy yanakwenda vizuri sambamba na kozi ya mitandao, na Security+ inaeleweka mwaka wa tatu. CISSP, inayotajwa sana kwenye matangazo ya kazi, inadai miaka mitano ya uzoefu wa kazi, shahada ikikupunguzia mmoja tu. Anayekuuzia darasa la CISSP ukiwa mwaka wa kwanza anataka pesa zako.

Jambo la mwisho ni hesabu ya kuhitimu, ambayo wengi huifanya kwa kuchelewa. Mwishoni mwa mwaka wa pili kwa programu ya miaka mitatu, au wa tatu kwa ya miaka minne, kaa na orodha ya matokeo yako yote na mwongozo, uhesabu krediti zilizopatikana, kozi za lazima zilizobaki, kozi za hiari zilizobaki. Tafuta sapu (mtihani wa marudio) ambayo matokeo yake hayajaingia kwenye mfumo na CA (alama za kazi za semista) iliyokosewa, uyafuatilie wakati mwalimu aliyefundisha bado yupo chuoni. Katika vyuo vingi kozi hufundishwa semista moja tu kwa mwaka: ya semista ya kwanza ikigundulika imepungua wakati unamalizia semista ya mwisho, utaisubiri mpaka mwaka mwingine wa masomo uanze, na wenzako watakuwa wamevaa majoho.